Kiganja Kilichopoza Amplifaya

Usiniambie jua lilinipanda kichwani. Nilikuwa macho, saa saba mchana, kibandani kwangu hapa Garsen, na nikisimulia haya hasira hunijaa hadi leo.

Mimi ni fundi wa redio. Kabla ya mafuriko, mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Hewani aliniletea amplifaya wanayotumia kuwatahadharisha watu mto unapofurika. Kasha limeandikwa wati elfu moja. Uongo mtupu. Ndani mna chipu moja ya kukuza sauti, ya wati sitini hivi, tena ikifungwa kwenye bamba kubwa la alumini la kuipoza. Bila bamba hilo, chipu hupata moto na kujizima yenyewe isiungue. Fundi gani asiyejua hilo? Lakini bamba lao nililing'oa nikalitia kwenye mashine ya muziki ya baa moja iliyokuwa na haraka, wao nikawawekea kipande nilichokata kwenye sufuria. Mwenyekiti sikumwambia neno.

Maji yakaja mchana. Mwenyekiti alitangaza mara mbili, sauti ikakatika. Waliokuwa karibu walikimbia. Mama mmoja aliyekuwa akivuna mpunga shamba la mbali hakusikia kitu. Alizikwa Jumamosi. Mwenyekiti akanirudishia amplifaya, akaniomba niangalie imekuwaje. Hata hakunilaumu. Ungekuwa wewe, ungemwambia?

Jumanne mwanamke akasimama mlangoni. Kanga imemlowa hadi kifuani, na mvua hakuna. Hakusalimu.

"Fundi, iwashe. Sauti ifike mwisho."

Nikamwambia itajizima baada ya dakika chache. Nikaiwasha kasha likiwa wazi, nikaiunganisha na redio. Akaweka kiganja juu ya kile kipande cha sufuria. Niamini, pale ungekaanga yai. Hakushtuka. Nikangoja sauti ikatike, wapi! Nusu saa, saa nzima, spika zinanguruma, majirani wananifokea nipunguze. Nikakigusa kile kipande kwa kidole. Kilikuwa baridi kama tope la chini ya mto.

Ndipo akaniangalia. Hasira ile sijaiona kwa mtu aliye hai.

"Kumbe ilitaka kupozwa tu," akasema. "Bamba letu ulilipeleka wapi?"

Nikamwambia. Akaondoa mkono, na sauti ikakatika papo hapo. Nilipomfuata nje, barabara ilikuwa tupu. Jirani yangu muuza vyombo aliapa kwamba muda wote aliniona nikizungumza peke yangu.

Nikaenda baa, nikalifungua bamba mwenye baa akinitukana, nikalipeleka kijijini mwenyewe. Nikamweleza mwenyekiti kila kitu. Nyumbani kwa marehemu nikaonyeshwa picha. Ni yeye. Mumewe alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niondoke asije akanipiga. Haki yake.

Tangu siku hiyo kidole kile hakisikii joto. Nakiunguza kwa chuma cha kulehemu, na sijui mpaka ninuse nyama. Daktari haoni ugonjwa.

Basi wewe fundi mwenzangu, kama kuna bamba la watu umelihamisha, lirudishe leo hii. Nawe mnunuzi, ukiona wati elfu, taka kasha lifunguliwe, uliza chipu inapozwa na nini. Fundi akikwepa, chukua chombo chako uende zako. Anayeitegemea sauti hiyo huenda yuko mbali, ameinama anavuna, na mto uko mgongoni kwake.