Farasi wa Plastiki na Mlango wa Mkwe Wangu

Farasi wa kweli, anayepumua, sijamwona hata mara moja. Nasema mapema usije ukadhani nina habari za mashindano au za askari wa Wajerumani. Huku Talatala kuna ng'ombe na nguruwe. Farasi wangu ni wa plastiki, midoli ya watoto wa Ulaya, na ninao thelathini na mmoja. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikiyumba nivumilie.

Kazi yangu ni kuziba mabeseni. Nashinda Mbugani, barazani pa duka la vyombo, na jiko la mkaa na vyuma viwili. Kimoja kikipoa, kingine kiko motoni. Beseni lililopasuka, ndoo iliyotoboka, dumu, unaniletea, nayeyusha kingo zinashikana, natia kiraka cha rangi yoyote iliyopo. Moshi wake unakaa kifuani. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nanuka ndoo hata kanisani.

Farasi wa kwanza nilimpata sokoni Kasumulu, kule mpakani. Nilikuwa nimefuata mabeseni mabovu ya kukatia viraka, nikamkuta mama mmoja amemwaga chini gunia la midoli ya mtumba. Farasi mwekundu, miguu mitatu. Mama yule akanirushia, "Babu, chukua na huyu kiwete mwenzako!" Watu wakacheka. Ni kweli nachechemea, nilianguka kutoka kwenye mchikichi ujanani, nikakaa miezi ndani, lakini hiyo ni habari nyingine. Nilimtengenezea mguu kwa mkono wa jagi la bluu. Nikamweka mezani, akasimama. Sikujua mtu mzima anaweza kufurahi vile kwa sababu kitu kimesimama tu.

Basi nikawa mteja. Mama yule akifungua gunia ananitengea wangu: wenye mikia ya nailoni, wenye tandiko lisilovulika, mmoja alitafunwa masikio na mbwa wa huko alikotoka. Nikawapigia ubao ukutani, katika chumba changu. Jirani yangu, mama mjane ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Malafyale wa farasi! Wamekunywa maji leo?" Malafyale ni chifu kwa lugha yetu. Nikamjibu wamekunywa, wamebakiza na ya kwako.

Sasa nije kwa mkwe wangu, maana ni kwa ajili yake nilianza kuandika haya, nikazunguka.

Mwanangu yuko Dar es Salaam, anapakia mizigo, huja mara moja moja. Mkewe, ndiye huyo mkwe wangu, alimwacha akae kwangu, nyumba ndogo ya upande wa migomba. Na sisi Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaogopana. Hamkai chumba kimoja, hamsalimiani, hamtazamani usoni. Akiniona njiani anaingia migombani mpaka nipite. Mimi nikitoka ndani nakohoa kwanza, ajue. Chakula anakiacha kwenye kigoda mlangoni kwangu, anaondoka. Vijana wengi wameuacha mwiko huo. Mchungaji wetu mwenyewe aliniambia zaidi ya mara moja, "Mzee, mpe kitenge mbele ya watu, msalimiane, yaishe." Kitenge nilinunua, cha njano, kizuri. Nikakiweka sandukuni. Nikawa nasema baada ya mavuno, baada ya Pasaka. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mke wangu aliushika mwiko ule kwa baba yangu mpaka mzee anakufa, nikaona nikiulegeza nitakuwa nimemcheka marehemu.

Lakini mkwe alikuwa anafagia chumba changu nikienda Mbugani. Siku moja nilikuwa na homa, chakula kikanishinda. Sijui nilifikiri nini, nikamgeuza farasi mmoja akatazama ukuta, nikatoka kwenda kuota jua. Kurudi, kuna uji, na farasi amegeuzwa tena mbele. Nikacheka peke yangu. Kuanzia siku hiyo tukawa na mazungumzo. Farasi akitazama ukuta, mimi ni mgonjwa. Nikiweka mmoja mlangoni, nitachelewa kurudi. Yeye akiweka punje ya mchele mgongoni kwa farasi, mchele umekwisha. Alipopata mimba, niliijua kwa farasi pia: nilikuta mdogo mweupe amesimamishwa chini ya tumbo la mkubwa. Nilikaa kitandani nikawatazama mpaka chai ikapoa. Tangu mke wangu afe sikuwa nimeongea na mtu vizuri namna ile. Na sauti ya mkwe nilikuwa naisikia kwa mbali tu, akiimba jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika siku ya pili, simu zote zimezima. Watu wako mashambani wanaamia ndege, mpunga umeiva. Mimba ina miezi saba. Naamka, kigodani hakuna chakula. Yupo yule farasi mdogo mweupe, amelazwa ubavu.

Hatukuwahi kumlaza farasi. Lakini sitakudanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa palepale.

Nikaenda mpaka mlangoni kwake. Ni mlango wa mbao uliokatwa mfupi, chini una nafasi ya kupita kuku. Nikamsikia anaguna ndani, kama mtu anayesukuma kitu kizito. Nikakohoa. Hivyo tu ndivyo nilivyojua kumwita. Akanyamaza, halafu akaguna tena. Nikakohoa mara ya pili. Mlango haukuwa na komeo, najua, niliutengeneza mwenyewe. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye ubao. Nikaona nitamkuta kalala, amefunuka, mimi nimesimama juu yake. Nikaurudisha mkono.

Nikaenda kumtafuta jirani.

Shamba lake liko ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimejaa. Kwa mguu wangu huu nilizunguka hadi kwenye daraja la magogo. Nilipomfikia alikuwa juu ya kichanja anarusha udongo kwa ndege, akanipigia kelele, "Malafyale, umepotezwa na farasi?" Kisha akaniona uso. Aliruka chini, akaniacha nyuma, akakimbia. Mama wa umri ule.

Nilipofika, alikuwa ametoka nje, mikono imelowa. "Nguo," akasema. "Niletee nguo safi, yoyote." Nikaleta kile kitenge. Akakitazama, akanitazama, akarudi ndani. Ndicho walichomfungia mtoto. Alikuwa wa kiume. Jirani anasema alimkuta bado ana joto.

Pikipiki ilipatikana mchana. Wakampeleka mkwe kwenye zahanati, nikafuata kwa miguu. Muuguzi pale ni binti kutoka mikoa ya mbali, hajui mambo yetu. Akaniuliza, "Baba, damu yote hii, mlikuwa wapi?"

"Nilikwenda kumtafuta mwanamke."

"Mwanamke wa nini? Wewe huna mikono?"

Nikaitazama. Mikono ninayo. Inaunga mguu wa farasi usiozidi kijiti cha kiberiti.

Mkwe alipona mwili. Mwanangu alikuja, tukamzika mtoto, akakaa siku nne. Akarudi kazini. Mkwe akaendelea kuniletea chakula kigodani na kufagia. Farasi hakuwagusa tena. Alifagia akiwazunguka, vumbi lao akaliacha. Mimi nilijaribu. Nilimgeuza mmoja ukutani, nikamlaza mwingine, nikaweka watatu mlangoni, kama mwehu. Nilikuta kila mmoja pale nilipomwacha.

Baada ya mpunga kuvunwa, kaka yake mkwe alikuja kumchukua kwa pikipiki, arudi kwao. Nilikuwa uani namenya waya wa kufungia ndoo. Nilipomwona anatoka na mfuko nikainama kama desturi, nisimtazame, nikingoja apite. Hakuingia migombani. Alikuja moja kwa moja mpaka nikaona kandambili zake mbele yangu.

"Baba," akasema.

Sikuwa nimewahi kuitwa naye. Sauti yake ni nzito kuliko ya nyimbo zake.

"Niliiona miguu yako, baba. Chini ya mlango. Nikasema, amefika, ashukuriwe Mungu. Halafu nikaiona inageuka."

Kaka yake akazima pikipiki. Jirani alikuwa mlangoni kwake na ungo mkononi, hapembui. Mkwe alikuwa amesimama anangoja, na nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo tangu siku ile, nimeyapanga kama farasi ubaoni. Niliinua uso mpaka nikafika magotini kwake.

Nikakohoa.

Alingoja kidogo tena. Kisha zile kandambili zikageuka, nami nikazitazama mpaka zilipopanda pikipiki.