Kilima Kilichomsubiri Mtangazaji

Niliingia Ngara nikiwa nimekaa mbele ya lori la mahindi. Safari yenyewe ilianzia Singida kwa basi, basi likanishusha Kahama, na Kahama nikazubaa kituoni na begi langu la vifaa mpaka nilipompata dereva wa fuso aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni upande wa Biharamulo. Alinipakia kwa sababu ya maongezi. Alisema barabara ile ni ndefu na redio ya gari imekufa. Nikamtengenezea redio tulipofika Ushirombo, na baada ya hapo hakunisikiliza tena.

Nyakanazi tukala wali maharage. Kisha akakata kuingia Nyamahanga, hukohuko Biharamulo, kuchukua mahindi, na hapo safari ikasimama, maana hapakuwa na mtu wa kupakia. Kijiji kizima kilikuwa msibani. Mtu wao mmoja, aliyewahi kuwa mkubwa serikalini, alikuwa ameletwa kutoka Dar es Salaam kuzikwa. Magari meupe yalikuwa yamepaki hadi ndani ya mihogo ya watu. Nilisimama nyuma karibu na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, nikamuuliza kama marehemu alikuwa mtu wa watu.

"Huyu? Hata Krismasi alikuwa haji," akasema. "Lakini leo si amekuja? Sisi tunahesabu leo."

Mahindi yalipakiwa baada ya maziko. Dereva akanifikisha Ngara, na kwa pikipiki nikapanda hadi Bukiriro, ambako nilikuwa nimesikia hakuna fundi simu. Ndivyo ninavyochagua mahali pa kuishi. Nimevuka miaka arobaini na sijawahi kuchagua kwa njia nyingine.

Chumba nilipanga kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na nyumba ya matofali katikati ya migomba. Watu wa pale walimwita mukecuru, yaani bibi kizee, ingawa alikuwa bado analima kuliko wengi wao. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita mgeni tangu siku ya kwanza na hakuniita vinginevyo mpaka mwisho. "Mgeni, umekula?" "Mgeni, leo mvua, anua nguo."

Alikuwa na redio kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia nitaifungua niisafishe.

"Isiguswe," akasema. "Inamtoa vizuri mdogo wangu."

Nilidhani ni utani. Jumamosi ile kukawa na mechi, akaiweka juu ya kinu, akakaa kumenya ndizi. Mtangazaji alikuwa yule ambaye kila mtu katika nchi hii alimjua kwa sauti. Goli lilipoingia akapiga ule mlio wake, mrefu, unaopanda, unaokatika juu kabisa na kushuka tena taratibu. Nimewasikia watu wakiuiga Tunduma, Mtwara na Kondoa. Watoto wanaupiga wakifunga goli la mpira wa makaratasi. Wapiga debe wanaupiga basi likijaa. Yule mama hakuinua hata kichwa.

"Huyo ni mama yetu," akasema.

"Nani?"

"Huo mlio. Mama alikuwa anasimama pale penye mwamba, sisi tuko ng'ambo ya bonde na mbuzi, jua linazama. Ukiusikia huo unaacha unachofanya, unarudi nyumbani. Mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwa nambeba huyo mgongoni tukipandisha."

"Na watu wa huko Dar wanajua?"

"Wanadhani ni wa mpira."

Baba yao alifariki mapema, mama akafuata, na yeye ndiye aliyemlea mdogo wake mpaka alipoondoka kwenda shule ya mbali. Alikuwa akirudi mara chache. Mara ya mwisho, walisema majirani, alikuja na viatu vya kung'aa, mvua ikanyesha, ikabidi ashikwe mikono pande mbili kupandisha kilima. Alicheka sana. Akamwambia dada yake, nikiondoka duniani mnilaze hapa karibu na mama, lakini msubiri kiangazi, nisiteleze. Hilo la kulazwa karibu na mama, dada alilishika.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua za vuli, redio hiyohiyo ikatangaza asubuhi kwamba amefariki. Aliyetangaza alikuwa mwenzake wa miaka mingi na sauti ilimkatika katikati ya jina. Nilikuwa kibarazani na simu ya mtu nimeifungua. Nikainuka, nikakosa la kufanya na mikono yangu, bisibisi bado nimeishika. Mama akapunguza sauti ya redio kama mtu anayetaka mgeni aliyelala asiamke. Kisha akauliza, "Mke wake atakuwa na nani hapo?"

Watu wakaja. Kule ndugu wa mtu akifariki kilima hakishiki jembe mpaka azikwe, na hata jirani anayekuchukia huliweka jembe lake ndani. Mwenye msiba ndiye anayeruhusu. Sheria hii haisumbui sana, kwa kuwa watu huzikwa kesho yake. Lakini huyu alikuwa mkubwa wa nchi. Kulikuwa na kamati, ratiba, salamu za rambirambi, siku ya kuaga uwanjani. Mvua ilikuwa imeanza, ardhi imelainika, mbegu za maharage ziko kwenye vikapu, na majembe yamelala.

Watu wa Kanazi nao walifika na mikungu ya ndizi, na madai. Mama mzazi wa mtangazaji alizaliwa huko Kanazi.

"Huyu ni wetu," alisema mmoja wao. "Ile sauti ni ya kwetu. Nyinyi mlimlisha tu."

"Kumlisha unaona kidogo?" akajibu jirani yetu, mzee ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi naye akiwa mgongoni. "Alikuwa anakula huyo! Kama ni wenu, basi nyinyi nanyi fungeni majembe."

Wakacheka. Hawakufunga.

Mama aliniita pembeni. "Mgeni, wewe umekaa Dar."

"Nilikaa, mama."

"Unajua watu."

Nilijua wauza vipuri wa mtaa mmoja na mama lishe wawili. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kana kwamba ninamficha. "Basi tumpigie wifi," akasema.

Pale kwetu simu hushika minara ya ng'ambo, na ukikaa vibaya unakaribishwa Burundi. Mahali pa uhakika ni pale penye mwamba. Tukapanda, nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo wifi," ilisema sauti ya huko, imekauka.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umekula chochote?"

"Nakula, wifi."

"Unadanganya. Sikiliza. Alisema alazwe hapa kwa mama yake. Uliwahi kumsikia?"

Nyuma yake kulikuwa na watu wengi wakiongea. "Aliniambia, wifi. Mara nyingi."

"Basi mlete."

"Wifi, hata mimi siulizwi. Wamekuja na daftari zao wamekaa sebuleni. Wanasema ni wa taifa, watu wapate pa kumtembelea. Nimesema Bukiriro, wakaniuliza ndege inatua wapi."

"Waambie njia ipo. Sisi tunapitaje?"

"Nitawaambia tena, wifi."

"Waambie kwa nguvu."

"Nitawaambia."

Simu ilipokatika mama alibaki akiitazama mkononi mwangu. Niliwahi kumsimulia kuhusu Nyamahanga, magari ndani ya mihogo. Akasema, "Yule wa Biharamulo walimleta." Yule alikuwa mkubwa wa aina moja, huyu wa aina nyingine, na mimi sikujua tofauti inapimwa na nani.

Ndipo alipokuja diwani, anahema, viatu vimejaa tope. Alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyepigiwa simu na mtu wa kamati. Mwili unakuja! Kesho unaanza safari! Alisema ni heshima kwa kata, na kwamba uwanja wa shule utapewa jina la marehemu, ingawa uwanja ule una mteremko kiasi kwamba timu ya juu haijawahi kufungwa.

Kule kaburi huchimbwa siku ileile ya kuzika, na si kabla. Lakini walimfikiria mgeni mkubwa, maturubai, maspika, wakaogopa kuaibika. Vijana wakaulizana, mama akasema chimbeni. Wakachimba kwenye migomba, karibu na mama yake, shimo zuri la kuta zilizonyooka. Jirani yetu mzee peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. "Mnatandika kitanda cha mtu ambaye hajapanda gari," akasema.

Mwili haukuja. Kamati ilikuwa imekaa tena, ikaamua azikwe hukohuko Dar. Tuliangalia maziko kwenye simu yangu, pale mwambani, watu wengi kadiri walivyoweza kuinama juu ya kioo kidogo. Picha ilikuwa ikiganda. Ikiganda tuliona kipande cha jeneza, au mkono wa mtu, au mwavuli. Walizungumza watu wengi na kila mmoja alisema alimjua sana. Mmoja, kumuenzi, akaupiga ule mlio kwenye kipaza sauti, na umati wote ukaupokea, maelfu ya watu wakiita kwa pamoja. Nikamtazama mama.

"Wanakatisha mapema," akasema.

Basi. Hilo tu.

Sasa kukawa na shimo. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya mtu haliwezi kuachwa wazi, na haliwezi kufukiwa hivihivi, kwa kuwa, wanasema, litatafuta mwingine wa kulijaza. Na majembe bado yalikuwa yamelala. Mvua nzuri ilikuwa inapita bure. Hakuna aliyemwambia mama kitu. Walikuja tu kila asubuhi, wakakaa kwenye benchi, wakatazama mawingu, wakatazama mikono yao. Mwanamke mmoja alileta kikapu chake cha mbegu akakaa nacho magotini, na nadhani hicho ndicho kilichomshinda mama.

Alimwita jirani mzee. "Kata mgomba," akasema.

Wakakata mgomba mmoja uliokuwa haujazaa, wakaukata kimo cha mtu. Mama akauvisha shati alilokuwa nalo ndani, shati la shule la zamani ambalo sikujua kama lipo. Wakaushusha kwa kamba, taratibu, kama mtu. Katekista akasoma sala fupi na kukwepa macho ya watu, sijui kama aliruhusiwa. Halafu ikabaki kazi ya dada. Ndugu mkubwa ndiye humwita marehemu mara ya mwisho kabla ya udongo, ili ajue amefika. Wote tulijua atamwita kwa njia gani.

Alisogea ukingoni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, shingo imekaza, tukasikia pumzi tu. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, na nilitamani kumsaidia, lakini mlio ule niliujua wa redioni tu, na nisingethubutu. Tukasubiri. Mwisho akapunga mkono, kama mtu anayefukuza kuku, wakaanza kufukia.

Kabla jua halijasimama kilima kizima kilikuwa kinalima.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Redio aliniletea kibarazani. "Ifungue," akasema, "utoe vipuri." Nikamwambia bado nzima. "Najua," akasema. Sikuifungua. Niliifunga kwenye gazeti nikaiweka chini ya kitanda, na kila nilipolala juu yake nilihisi nimelalia kitu cha mtu.

Jioni moja tukichambua maharage ya kupanda aliniuliza, "Na wewe, mgeni. Wakikutangaza, watachimba wapi?"

"Popote tu, mama."

"Popote ni wilaya gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri jibu kama anavyosubiri mtu wa ofisini, kidole kimesimama kati ya maharage. Nikataja kijiji nilikozaliwa, na nikagundua kwamba simjui mtu hata mmoja pale ambaye angeweka jembe lake ndani kwa ajili yangu.

Labda ndiyo sababu niliondoka, au labda ni kawaida yangu tu. Kazi ilikuwepo, simu zilikuwa zinaharibika. Lakini kuna nyumba ambazo ukikaa unaona unachotakiwa kufanya na huwezi kukifanya. Yule mama alihitaji mtu mmoja wa kuzungumza huko mbali, na mimi niliyezunguka nchi nzima sikuwa mtu wa kusikilizwa mahali popote.

Siku ya kuondoka aliniagia shambani. Maharage yalikuwa yamechelewa, yameota mafupi na ya njano kidogo. Hakuweka jembe chini. Nikamwambia redio iko juu ya kinu, nzima. Akasema, "Haya, mgeni. Usilale njiani." Nikamwambia nitarudi. Akasema haya tena.

Pikipiki ilishuka bondeni na kuanza kupanda upande wa pili, begi langu likigonga mgongo. Katikati ya mteremko ule wa ng'ambo, dereva akabadilisha gia, mngurumo ukapungua kidogo, na nikausikia. Ulitoka juu, upande wa mwamba. Mrefu, unaopanda, unaokatika juu kabisa, kisha unashuka taratibu, muda mrefu kuliko wa redioni.

Dereva akacheka. "Sikia huyo! Mtu anamwiga marehemu."

Sikugeuka. Sikujua ni nani anayeitwa, na kama ni mimi sikujua nirudi kufanya nini. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, tutachelewa gari.