Kaka yangu alivyomkosesha mama barafu ya Alaska kwa sababu ya ugali

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Nina hasira za wiki nzima, na hapa nyumbani Merrylands, Sydney, kila mtu ananiambia "yameisha." Hayajaisha. Naandika kilichotokea, sina sababu ya kutunga.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa Lindi. Miaka yote amechora barafuto ubaoni, ule mto wa barafu unaoshuka taratibu kutoka mlimani mpaka baharini. Hajawahi kuuona. Na wewe unayetaka kuniambia Kilimanjaro ipo, magoti yake hayawezi hata ngazi za stesheni.

Mwaka jana alihamia kwetu Sydney, macho yakaanza kuzingua. Daktari hakuzunguka: cha karibu bado anakiona, cha mbali kinaondoka, na hakirudi. Kama kuna kitu anataka kuona, asiahirishe.

Nikaomba likizo. Nikamchukua mama, binti yangu, na kaka yangu mkubwa Saidi. Hapo kwa Saidi ndipo nilipojiroga.

Alaska, wakuu. Unaendesha gari kandokando ya bahari, kisha unapanda feri inayosogea mpaka karibu kabisa na barafu. Hiyo feri ndiyo ilikuwa safari yenyewe, maana cha mbali mama haoni.

Barabara sitaisingizia, ni nzuri mno. Milima inaingia majini, theluji juu. Mama alishusha kioo na baridi yote ile, anasema, "Nasikia harufu yake."

Siku ya feri, kaka anatangaza kuna Mtanzania anaishi mji ule wa feri, kampata kwenye group la WhatsApp.

"Tupite mji wa mtu bila kumsalimia? Tutaonekana watu gani?"

Nikasema sawa, tumsalimie mlangoni. Lini umeona Mswahili akasalimiwa mlangoni? Sufuria ilikuwa jikoni tayari. Mwenyeji ni mtu mwema, sina neno naye, hata habari ya feri hakuambiwa. Ukaja ugali na samaki, ikaja chai, zikaja stori za Kariakoo. Mimi namkanyaga kaka chini ya meza, yeye anaongeza mboga.

"Kaka, feri," nikamnong'oneza.

"Tulia wewe. Tiketi tunazo, watatusubiri. Ukikimbia chakula cha mtu umemtukana."

Mama naye, kwa adabu zake, hawezi kuinuka mwenyeji hajanawa.

Tulifika gatini feri imeshaondoka, mtu anafunga geti. Nyingine ya kule ni keshokutwa, ndege yetu kesho. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Mwenyeji alipojua, aliumia kuliko kaka. Akatupeleka kwa gari mpaka mahali pa kutazamia, juu ya barabara. Barafu ile pale, ng'ambo ya ghuba. Sote tunanyoosha vidole.

Mama akakaza macho pembeni ya barabara, akatabasamu. "Nimeiona. Mungu awabariki wanangu."

Binti yangu Kiswahili anasikia ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema polepole, "Bibi, that's the bus."

Basi jeupe la watalii, limepaki pembeni. Kaka akajifanya anapokea simu.

Sasa juzi huyo huyo kaposti kwenye group la familia: "Mama kaiona barafuto!" Simu zikamiminika kutoka Lindi. Nikasimama jikoni nasikiliza mama anavyosimulia. Mto wa barafu, unashuka taratibu kutoka mlimani mpaka baharini. Neno kwa neno, ile ya ubaoni.

Nilichojifunza: adabu zetu ni nzuri, ila mwambie mwenyeji ukweli ukiwa bado mlangoni. Mtu mwema hakasiriki, atakufungia chakula ukale njiani.

Wenye ndugu kama Saidi njooni mniambie mnaishi nao vipi. Na wale wa "msamehe tu, ndiye mkubwa wako" nao waje, nawasubiri kwa hamu.

Maana leo asubuhi mama kaniita chumbani kwake, kafunga mlango, kaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi ilikuwa na rangi gani?"