Kifaru Chenye Mlango

Juzi hapa Awindiri, mjini Arua, nilimkuta mpwa wangu na wenzake wameinamia simu, wanapiganisha roboti kubwa za chuma zenye mizinga mabegani. Mmoja wao alikuwa mgeni katika mchezo, na wenzake wakabishana wampe roboti gani ya kuanzia: nyepesi yenye mbio, au nzito isiyovunjika upesi. Nikasimama na sufuria yangu mkononi, nikashindwa kuondoka.

Unajua, ndugu yangu, hata mimi niliwahi kubishaniwa hivyo. Ilikuwa Midia, kule Koboko, mwaka tuliorudi kutoka ukimbizini Kongo. Nyasi zilikuwa zimemeza nyumba. Bibi alisaga simsim kwenye jiwe tangu alfajiri, na harufu yake ilitufuata mpaka shambani tulikokwenda kupalilia. Kazi ikiisha, tulicheza vita. Vifaru vyetu vilikuwa mikebe ya mafuta ya msaada yenye magurudumu ya kandambili kuukuu. Tulivisukuma kwa fimbo, tukinguruma kwa midomo na kurushiana mabonge ya udongo. Kifaru chako kikipinduka, umekufa.

Siku yangu ya kwanza, binti mmoja alisema, "Huyu apewe kubwa, iko na nguvu." Mwingine akakataa: "Apana, kadogo. Iko na mbio."

Nyuma ya ua wa matete, jirani yetu alikuwa anasikiliza. Zamani alikuwa mwanajeshi, dereva wa kifaru, na Bibi alitukataza kumuuliza habari hizo. Kifaru chenyewe, cha kweli, kiliungua vitani na kubaki ng'ambo ya shamba lake. Kilikuwa kimejaa kutu, na jioni alikwenda kukaa kando yake.

Siku hiyo alikuja, akachuchumaa, akapindua mikebe yetu mmoja baada ya mwingine.

"Hii apana. Hii pia apana."

"Mzee, unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Mulango. Mutu anajifunza, mumupe ile ya kutoka haraka. Kupiga atajua tu."

Akatoa kisu, akakata mlango nyuma ya mkebe mdogo. Akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka tukaogopa.

"Tulikuwa wawili ndani," akasema. "Mimi nilikaa karibu na mulango."

Akanipa mkebe, akaenda zake. Hatukucheza tena siku ile. Bibi aliposikia hakutugombeza; alifunika sahani ya muhogo na mboga ya kunde, akampelekea mwenyewe.

Miaka ikapita, wakaja wanunuzi wa vyuma kutoka Arua na mitungi yao ya gesi ya kukatia chuma. Tulidhani jirani atawafukuza. Aliomba wamsubiri kidogo tu. Akapanda juu ya kifaru, akaingiza kichwa ndani, akaita jina la mtu kwa Kikakwa, taratibu, kama unavyomwita mwenzako aje kula. Akatega sikio.

Kisha akashuka. "Kata," akasema.

Sasa pale ni mihogo mitupu. Bibi hayupo, jirani hayupo, na wale niliocheza nao wametawanyika Kongo, Juba, wengine sijui wapi. Lile jina nililisikia vizuri kwa masikio yangu. Usiku huu nimejaribu kulitamka, ndugu yangu, na halipo. Wala sijui nani amebaki wa kumuuliza.