Jicho la Nyakerario

Hakuna mtu mjini Kisii anayejivunia macho yake kama Nyakerario, na miaka tisa nimekata karatasi kando yake nikimvumilia. Yeye ndiye mlinzi wa rangi kwenye mashine yetu ya kuchapa. Zikitoka karatasi hamsini huchomoa moja, akatoka nayo mlangoni kwenye jua, akailinganisha na sampuli ya mteja, kisha akarudi kuongeza wino huku au kupunguza kule.

Mwezi wa kumi na moja bosi wetu, Ochoki, alichoshwa na malalamiko. "Kalenda za kwaya zikikataliwa," alimwambia, "mashine utamwachia mwingine, uende meza ya bahasha." Meza ya bahasha! Huko ni gundi na kukunja mpaka jioni. Nyakerario aliogopa, nami nilimwona.

Kazi yenyewe ililetwa na Jemimah, katibu wa kwaya kutoka Nyamarambe, pamoja na kalenda yao ya mwaka ule, yenye picha ya wanakwaya. "Rangi iwe hivi hivi, msiguse," akasema, akaisaini nyuma.

Karatasi za kwanza zilipotoka nikauliza, "Mama, mbona majoho ya kwaya yana rangi ya chai ya maziwa?"

"Dancun, wewe kata karatasi."

Nikakata, ningefanyaje? Siku ya tatu Jemimah akaja, akafungua bunda moja na kupiga yowe. "Yesu wangu! Majoho yetu ni meupe!"

Nyakerario akaleta sampuli. Zilifanana kabisa. Ochoki akainusa ile sampuli. "Dada, hii ilitundikwa wapi?"

"Jikoni kwa mama mkwe," Jemimah akasema polepole. "Juu ya meko."

Nyakerario akalamba kidole, akasugua joho moja kwenye sampuli. Likatoka jeupe pe. Lo! Kumbe alikuwa ameufuata moshi wa kuni, tone kwa tone, kwenye kalenda mia sita! Jemimah alizibeba kwa aibu, na Ochoki akamwonyesha Nyakerario meza ya bahasha. Nilicheka, sikatai.

Wiki iliyofuata akaingia mama mkwe mwenyewe, Persis, na mkungu wa ndizi. "Za mwaka huu zilichafuka kabla hata ya Aprili," akasema. "Hizi mpya hazionyeshi moshi hata kidogo. Majirani wanataka mia mbili zaidi. Nani alifikiria hivyo?"

Ochoki hakupepesa macho. "Ni Nyakerario wetu."

"Ni jicho tu, mama," Nyakerario akajibu, tayari ameinuka kwenye bahasha.

Ndiye anayelinda rangi mpaka leo. Na kwa kuwa lazima mtu akunje bahasha, Ochoki alimchagua yule aliyeyaita majoho chai ya maziwa.