Popo wa Gofu na Tanzia ya Hamdun

Mimi nina gereji ya kuchomelea vyuma hapa Mokowe, na muziki wa Mahir sijawahi kuupenda. Nasema mapema, asije mtu akadhani nasikitikia nyimbo. Kijana alikuja kwangu kutoka Kizingitini kutengeneza injini za mashua. Kazi aliijua, ila jioni nikifunga milango yeye ndiyo anaanza kupiga mapipa ya mafuta kama anayefukuza nyoka. Baadaye akaja Rufus, mwalimu wa shule ya msingi, na gitaa lake la umeme, kisha Valary wa duka la simu, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Wakavaa nguo nyeusi katika joto hili letu, wakajiita Popo wa Gofu. Nikawaambia gofu ni vichwa vyenu. Wakacheka, wakaongeza sauti.

Nyimbo zao zilikuwa makaburi matupu. Gitaa linakwaruza, Valary anapiga mayowe, na wimbo umekwisha kabla hujajua umeanza. Nilidhani ni ujana tu, mpaka siku moja Valary aliponiambia kwamba maneno yote anatunga Mahir, na yote yanamhusu kaka yake, Hamdun.

Hamdun alipiga mbizi mwambani kutafuta kamba wa kuuza, hakuibuka. Walimtafuta wakachoka. Huu ni mwaka wa nne, na mama yao, Bi Zamzam, hajakubali. Tanzia haikusomwa msikitini, matanga hayakuwekwa, wala hakuna ruhusa ya kumwita marehemu mbele yake. Mahir aliwahi kuteleza ulimi akasema "Mungu amrehemu," akala kofi mbele ya wageni. Kijana mzima, fundi, anakatazwa kumlilia nduguye! Roho iliniuma. Alichotaka ni kimoja tu: Hamdun awekewe matanga kama watu wengine, na mama alie naye.

Basi albamu yao ya kwanza wakairekodi hapa gerejini, magodoro yameegemezwa ukutani. Wakaiita Kaburi Bila Mtu. Mahir alitaka ianze kwa tanzia. Akamwendea Bwana Athman, ambaye ndiye msomaji wa tanzia kule kwao, akamwomba amsomee ya Hamdun kwenye simu. Mzee alidhani ni kumbukumbu ya kijana peke yake. Akaisoma yote, jina la Hamdun, la baba na la mama, na mwishoni sauti ikamkatika.

"Nitampelekea mama mwenyewe," Mahir aliniambia. "Nikae naye, nimweleze kwanza, ndiyo tusikilize."

Tulivuka pamoja na Rufus hadi Kizingitini, mimi nikiwa na kazi ya kuunga tangi la mtu. Mahir alibaki nyuma akifunga mashua. Rufus akatangulia, na penye mizani ya kamba akakuta vijana wana spika kubwa. Mtu wa bara huyo, furaha imemjaa, albamu iko simuni. Akaunganisha.

Sauti ya Bwana Athman ikapanda juu ya mapaa.

Sasa sisi wa bara tangazo la kifo tunalisikiliza mpaka mwisho, tujue mazishi ni lini. Kizingitini sivyo. Jina likitajwa, mwanamke ameshavuta buibui, yuko mlangoni pa wafiwa. Ngoma za Mahir zilipolipuka, wapimaji wa kamba wakaduwaa, wakajua ni wimbo. Wanawake walikuwa wameshafika kwa Bi Zamzam.

Mahir alikimbia. Nikamfuata na mwili wangu huu, nikihema. Ua ulikuwa umejaa. Bi Zamzam alikuwa katikati, kitanda cha kuoshea maiti ameshakitoa nje, na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa na furaha. Alidhani Hamdun ameonekana, analetwa.

"Mahir! Mekuya nduguyo?" akauliza. "Yuko ndiani? Nani alomuona? Waambie wasimuoshe, namuosha mwenyewe. Mayi yako tayari."

"Mama, hawakumleta mtu," Mahir akasema. "Ni wimbo. Nimeutunga mimi. Hamdun alikufa, mama. Nakuomba tumlilie, siku moya tu."

Bi Zamzam alimtazama, kisha akakitazama kitanda. Wanawake wakaanza kuinuka kwa aibu, wakitafuta viatu vyao.

"Kaani," akawaambia. "Mushakuya kulia. Matanga hayarudishwi mlangoni. Lieni."

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, na mimi ni Mmethodisti. Mahir machozi yakamtoka, akapiga magoti ashike mkono wa mama yake. Ule mkono ukarudi nyuma.

"Hamdun wangu yu hai," Bi Zamzam akasema. "Alokufa ni mwanangu mdogo, Mahir. Mlilieni huyo."

Nilitaka kusema neno, ila nyumba haikuwa yangu. Hatimaye bibi mmoja pale pembeni akaanza kulia, wa pili akapokea, ua mzima ukafuata, na sikujua wanamlilia nani kati ya wale wawili. Bi Zamzam akaketi katikati yao, akajifunika ushungi, akaanza kulia kwa sauti, akimtaja Mahir kwa jina, naye Mahir bado amepiga magoti mbele yake.