Siku Mama Mkwe Alipoikataa Bia ya Wajerumani

Aibu ninayo, sikatai. Nilimfokea mume wangu katikati ya kiwanda cha bia huko Ujerumani, mtoto mgongoni, Wazungu kama ishirini wameshika glasi wananikodolea: "Baba Neema, kama unamwonea aibu mama yako, kaa pembeni niongee mimi!"

Ilianza hivi. Wifi yangu ni nesi huko, akatualika, tukatoka Iringa mimi, mume wangu, mtoto na mama mkwe, siku ya tatu tukaenda kimji kinachopika bia tangu enzi za mababu wa mababu zao. Mlangoni wakauliza kama tutembezwe kwa Kiingereza, mume wangu akadakia, "Kijerumani tu, nitawatafsiria" (kozi ya miezi mitatu hiyo!), na mimi mjinga nikakubali.

Tukazungushwa kwenye mapipa weee, hadi kwenye kuonja. Dada anayetembeza wageni akampa mama mkwe glasi. Mama hakuipokea. Kwetu Mufindi hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anayekukaribisha anapiga funda kwanza, uone hajaweka kitu, ndipo unapokea.

"Mwambieni aanze yeye."

"Mama, acha ushamba," mume wangu akanong'ona, halafu akamchekea yule dada na kumwambia eti mama amechoka na safari.

Amechoka! Mama aliyepanda ngazi zote akituacha nyuma! Hapo ndipo nilipofoka.

Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne (nilipata D, msinicheke) nikamwambia dada aanze yeye. Akakataa, yuko kazini, haruhusiwi. Nikamtafsiria mama, akatoa macho: "Mnaona? Anajua alichoweka humo!" Na mimi kwa hasira nikatafsiri na hiyo, kwa sauti. Glasi zote zikarudi mezani. Dada akawa mwekundu kama nyanya, akakimbia kumwita bosi.

Akaja mzee mwenye aproni. Nikamweleza taratibu. Akapiga funda, akafuta povu kwenye masharubu, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akaimaliza yote.

"Haya, huyu kalelewa."

Mimi sasa nilikuwa bado. Nikaenda mapokezi kuomba fomu ya malalamiko, wakadhani nawashtaki wao. Penye jina la mhusika nikaandika la mume wangu, yote matatu. Penye kosa: alikataa kufikisha maneno ya mama yake. Mama mkwe akasaini kama shahidi. Wakagonga muhuri, wakanipa nakala mbili, moja nikabaki nayo, nyingine nikamkabidhi mhusika.